Nani Analichunga Jua Alasiri?

Kila mwaka, katika siku chache za Machi na Septemba, mwenye dishi la televisheni Dar es Salaam au Mombasa huona picha ikikatika mchana kweupe. Hakuna mvua wala wingu, na baada ya dakika chache picha inarudi yenyewe. Fundi akiitwa hakuti kitu. Kilichotokea ni kwamba Jua limepita nyuma ya setilaiti, na dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti limejikuta likilitazama Jua. Jua nalo hutoa mawimbi yaleyale ya redio ambayo dishi limetengenezwa kuyapokea, ya urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, tena kwa wingi unaoifunika kabisa sauti ya setilaiti.

Dishi la nyumbani basi linalisikia Jua. Lisichoweza kusema ni sehemu gani ya Jua inayopiga kelele. Dishi la sentimita 90, kwa mawimbi hayo, huona anga kwa upana wa digrii moja na nusu hivi, na Jua zima halifikii hata digrii 0.6. Anayetaka kujua kama mlipuko umetokea juu ya doa jeusi fulani usoni mwa Jua, umepanda kiasi gani na elektroni zake zimenaswa wapi, anahitaji kuupunguza upana huo mara mia kadhaa. Kazi hiyo hufanywa na interferometri, yaani kuunganisha antena nyingi ndogo ziwe kifaa kimoja kikubwa. Wanasayansi wameifanya kwa Jua kwa karibu miaka themanini, na wamefika mahali pa kupima nguvu ya sumaku ndani ya mlipuko wenyewe. Naona sayansi hiyo imekomaa kuliko mpango wa kuitumia. Vifaa vinajengwa, vinavuna, kisha vinafungwa, na kuna saa za mchana ambazo hakuna anayelichora Jua kwa mawimbi haya.

Habari ilianzia vitani. Februari 1942 rada za Uingereza zilijaa kelele iliyodhaniwa kuwa hila ya Wajerumani. James Stanley Hey, aliyepewa kazi ya kuichunguza, aligundua kwamba kelele inalifuata Jua, na kwamba siku hizo kundi kubwa la madoa lilikuwa karibu na katikati ya uso wake. Tarehe 23 Novemba 1946, huko Ottawa, Kanada, Arthur Covington alitumia kupatwa kwa Jua kwa sehemu kutafuta kelele inatoka wapi hasa. Mwezi ulipofunika kundi la madoa, mawimbi ya sentimita 10.7 yalipungua ghafla, kuliko ukubwa wa eneo lililofunikwa ulivyostahili. Madoa ndiyo yaliyokuwa yakingʼaa. Tangu 1947 Kanada imekuwa ikipima mawimbi hayo siku kwa siku, sasa katika kituo cha Penticton, na namba hiyo moja hutumiwa na wanaokadiria jinsi angahewa ya juu inavyotanuka na kuzikokota setilaiti. Ni kipimo chenye heshima kubwa, na ubora wake ni huo wa kutokatika. Lakini ni namba moja kwa Jua zima.

Wakati huohuo Australia walishaanza kutafuta picha. Tarehe 26 Januari 1946, alfajiri, Ruby Payne-Scott alikuwa juu ya jabali la Dover Heights, Sydney, na antena ya rada iliyoelekea baharini. Mawimbi ya Jua lililokuwa likichomoza yaliifikia antena kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na maji, na kugongana kwa njia hizo kukaonyesha kwamba kelele inatoka kwenye eneo dogo linalolingana na madoa. Ndiyo interferometri ya kwanza katika unajimu wa redio, na kitu kilichopimwa kilikuwa Jua. Mama huyu alilazimika kuacha kazi mwaka 1951 alipokuwa mjamzito, kwa sababu kanuni za utumishi wa umma za nchi yake hazikumpa mwanamke aliyeolewa ajira ya kudumu. Sidhani historia ya fani hii inasimuliwa kwa haki pale jina lake linapoachwa. Miaka michache baadaye, kando ya bwawa la maji la Potts Hill, mjini humohumo, W. N. Christiansen alipanga antena 32 kwa mstari akapokea mawimbi ya sentimita 21. Hapo safu ya antena za Jua, kama tunavyoijua leo, ikawa imezaliwa.

Jinsi safu inavyofanya kazi si fumbo. Chukua antena mbili zilizoachana mita mia. Wimbi linalotoka upande mmoja huifikia moja kabla ya nyingine. Ukizidisha ishara zao pamoja unapata jibu linalopanda na kushuka, na jibu hilo linaeleza jambo moja tu: katika picha ya Jua kuna kiasi gani cha michirizi ya upana fulani katika mwelekeo fulani. Jozi iliyoachana sana hupima michirizi myembamba, jozi iliyokaribiana hupima mipana. Kusanya majibu ya jozi nyingi, fanya hesabu ya Fourier, na picha inatokea. Kwa galaksi iliyo mbali unaweza kusubiri saa nyingi Dunia izunguke na kuzigeuza jozi zako, kwa kuwa galaksi haibadiliki. Jua halisubiri. Mlipuko unaweza kuwaka na kuzimika ndani ya sekunde chache, kwa hiyo jozi zote unazozihitaji lazima ziwepo uwanjani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana safu za Jua huwa na antena ndogo nyingi badala ya chache kubwa.

Mfano bora wa hilo ni Nobeyama, uwanda wa mkoa wa Nagano nchini Japani, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari. Kuanzia 1992 zilisimama pale antena 84, kila moja ya sentimita 80, ndogo kuliko dishi nyingi zilizo juu ya mapaa ya Kariakoo. Zilipangwa kwa umbo la herufi T, mkono wa mashariki-magharibi ukiwa na mita 490 na wa kaskazini-kusini mita 220. Antena 84 zinatoa jozi 3,486. Zilipokea mawimbi ya gigahezi 17, kisha katikati ya miaka ya 1990 zikaongezewa gigahezi 34. Zilichora Jua zima kila sekunde, na wakati wa mlipuko hata mara kumi kwa sekunde, zikitofautisha vitu vilivyoachana takriban sekunde kumi za tao. Kwenye Jua hiyo ni kilomita 7,000 na kitu, zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo cha Dunia. Kuupata uwezo huo kwa dishi moja kungehitaji dishi la upana wa mita mia kadhaa.

Mpango wa antena hizo unastahili kutazamwa kwa karibu. Nafasi ya msingi kati yake ilikuwa mita 1.528, na nafasi nyingine zote ni mafungu ya hiyo: mara mbili, mara nne, mara nane, mara kumi na sita. Namba hiyo haikuokotwa. Safu yenye nafasi za kurudiarudia huleta nakala za picha, Jua la pili na la tatu pembeni ya la kwanza, na umbali kati ya nakala unategemea nafasi ya msingi. Kwa gigahezi 17 nakala ziliachana dakika 40 za tao hivi. Jua lina upana wa dakika 32, kwa hiyo lilikaa lote bila kugusana na nakala yake. Kwa gigahezi 34, kwa kuwa wimbi ni nusu, umbali ulishuka hadi dakika 20, na pande za Jua zikaanza kupandana. Watumiaji wa picha za gigahezi 34 walilazimika kujua wakati wote ni mwanga upi ni wa kweli na upi umehamia kutoka upande wa pili. Nafasi za kujirudia zilikuwa na faida nyingine pia. Jozi nyingi zilipima kitu kilekile, na zikitofautiana, kosa ni la vifaa wala si la Jua. Hivyo safu ilijisahihisha kwa kulitumia Jua lenyewe, bila kugeuzwa kutafuta nyota ya kulinganishia.

Kwa nini mawimbi ya sentimita, na si mengine? Kwa sababu hapo ndipo sumaku ya Jua inapojifichua. Jua lililotulia hungʼaa kwa joto lake, na kwa gigahezi 17 huonekana kama sahani ya joto la kelvini 10,000 hivi. Juu ya madoa mambo hubadilika. Elektroni huzunguka mistari ya sumaku kwa kasi inayotegemea nguvu ya sumaku peke yake: kila gausi moja huleta megahezi 2.8. Elektroni hizo hungʼaa katika mafungu ya mwendo huo, hasa la pili na la tatu. Ukiona doa linawaka kwa namna hiyo kwenye gigahezi 17, hapo ndani ya korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, kuna sumaku ya takriban gausi 2,000, ilhali sumaku ya Dunia kwenye uso wake ni karibu nusu gausi. Katika mlipuko elektroni hukaribia mwendo wa mwanga, na mwako wao husambaa katika masafa mengi. Umbo la msambao huo hubeba habari za sumaku na za idadi ya elektroni zenyewe.

Setilaiti zinazolipiga Jua picha ni nyingi, na mtu anaweza kuuliza redio ya ardhini inaongeza nini. Setilaiti hupima sumaku kwenye uso wa Jua, kisha wataalamu hukisia kwa hesabu ilivyo juu yake, katika korona, ambako milipuko hutokea. Picha za eksirei huonyesha gesi ambayo imeshapashwa moto. Mikrowevu, yaani mawimbi haya ya sentimita, hupima mahali penyewe na kwa wakati wenyewe. Ushahidi mkubwa ulikuja tarehe 10 Septemba 2017, mlipuko mkubwa wa daraja X8.2 ulipotokea ukingoni mwa Jua mbele ya safu ya Owens Valley, California, inayoendeshwa na Taasisi ya Teknolojia ya New Jersey. Wakati huo safu hiyo ilikuwa na antena 13 tu za mita 2.1 kwa kazi hii, yaani jozi 78. Lakini hupokea masafa mamia kati ya gigahezi 1 na 18, hivyo kila nukta ya picha inakuja na msambao wake. Mwaka 2020 Gregory Fleishman na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba sumaku ndani ya korona ilikuwa ikipungua kwa takriban gausi 5 kila sekunde, kwa muda wa dakika moja hivi. Nguvu iliyopotea ilitosha kuuendesha mlipuko. Kwa miongo mingi vitabu vilisema milipuko hulishwa na sumaku. Hapa watu walikuwa wakiitazama ikiliwa.

Sitaki kuficha udhaifu wake. Namba hizo zinatokana na kulinganisha msambao uliopimwa na ule unaotabiriwa na hesabu, na hesabu ina vitu vingi visivyojulikana kwa pamoja: sumaku, pembe yake, wingi wa elektroni, mgawanyo wa nguvu zao. Antena 13 huchora chanzo kikali vizuri, ila Jua tulivu lililotandaa huzitatiza. Hali ya California ni kinyume cha ile ya Nobeyama, ambayo ilikuwa na antena za kutosha na masafa mawili tu. Kuwa na vyote viwili ndiyo iliyokuwa nia ya mradi wa Marekani uitwao FASR, unaopendekezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao haujajengwa. Wachina ndio waliotangulia. Huko Mingantu, Mongolia ya Ndani, wamesimamisha antena 100 katika mikono mitatu iliyojipinda, 40 za mita 4.5 na 60 za mita 2, kutoka gigahezi 0.4 hadi 15, jozi za mbali zikiachana kilomita tatu. Warusi nao, katika Bonde la Tunka karibu na Ziwa Baikal, walikuwa na msalaba wa antena 256 wa gigahezi 5.7 tangu miaka ya 1980. Wameugeuza kuwa safu tatu za umbo la T, zinazoanzia gigahezi 3 hadi 24, zenye antena zaidi ya 500.

Hadi hapa nimesema sayansi. Ulinzi ni jambo jingine. Mara nyingi huelezwa kwamba vifaa hivi vinatoa onyo la mapema, na maneno hayo yanahitaji kupunguzwa. Mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa mwanga, kwa hiyo dakika nane na sekunde chache baada ya mlipuko yanatufikia sote pamoja, mwenye darubini na mwenye GPS. Kelele yenyewe ya redio haina onyo. Tarehe 6 Desemba 2006, wakati shughuli za Jua zilikuwa karibu na kiwango cha chini kabisa cha mzunguko wake, Jua lilitoa kelele ya redio iliyozidi vizio milioni moja vya kupimia mawimbi ya Jua kwenye gigahezi 1.4, ilhali Jua zima lililotulia halifikii hata mia mbili. Vipokezi vya GPS upande wote wa Dunia wenye mchana viliyumba. Mlipuko wa eksirei wa siku ile haukuwa wa kuvunja rekodi. Ukubwa wa mwanga haukumwambia mtu chochote juu ya ukubwa wa kelele.

Kinachoweza kuonywa ni vinavyofuata. Protoni za mlipuko huchelewa, kuanzia makumi ya dakika hadi saa kadhaa, na mikrowevu huonyesha mapema kama chembe zimesukumwa kwa nguvu na zimetokea upande gani wa Jua. Wingu la plazma linalorushwa na Jua huchukua siku moja hadi tatu kufika. Halafu kuna faida ya tatu, ambayo mimi naiona kubwa: kumwambia mwendeshaji, palepale, kwamba hitilafu yake inatoka kwenye Jua na si kwenye mtambo wake. Tarehe 4 Novemba 2015 rada za kuongozea ndege nchini Sweden zilijaa kelele, na anga la kusini mwa nchi likafungwa kwa zaidi ya saa moja. Mlipuko ulikuwa wa daraja M3.7 tu, wa kati.

Tazama ilikuwa saa ngapi. Mlipuko ule ulifikia kilele karibu saa kumi na moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Japani ilikuwa karibu saa tano usiku, Siberia karibu saa nne, na California Jua lilikuwa halijachomoza. Vipokezi vya dishi moja vya Ulaya na kwingineko viliirekodi kelele, vikasema ni kali kiasi gani. Hakuna safu maalumu ya mikrowevu iliyokuwa na Jua mbele yake kuchora ni wapi ilipotokea. Si bahati mbaya ya siku moja. Jua likishatua kwenye safu za Siberia na Mongolia ya Ndani, na kabla halijachomoza California, zinapita saa kadhaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, nyingi zaidi Desemba, na karibu hakuna Juni. Saa hizo huangukia alasiri ya Nairobi, Dodoma na Kinshasa, mchana wa Ulaya na asubuhi ya Atlantiki. Urusi ina darubini kubwa ya duara ya RATAN-600 huko Kaukazi, ambayo hupima Jua linapovuka juu yake adhuhuri. Ni kipimo kizuri cha madoa, lakini si ulinzi wa sekunde kwa sekunde.

Kuna pengo la aina nyingine pia, lililoachwa na Nobeyama ilipofungwa. Kituo cha taifa cha unajimu cha Japani kilijitoa mwaka 2015. Muungano wa taasisi za nchi mbalimbali, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Nagoya, ukaibeba kwa miaka mitano, na tarehe 31 Machi 2020 safu ikazimwa. Sababu zinaeleweka: vifaa vilikuwa vimezeeka na fedha zina mwisho. Hata hivyo kilichopotea hakinunuliki tena kwa safu mpya. Kwa miaka karibu 28 antena zilezile zilichora Jua lilelile kwa masafa yaleyale. Kutokana na urefu huo, Nat Gopalswamy na wenzake mwaka 2012 waliweza kuonyesha kwamba mngʼao wa ncha za Jua kwenye gigahezi 17, unaokwenda sambamba na sumaku ya ncha hizo, ulikuwa umedhoofika kuliko katika mzunguko uliotangulia. Ni aina ya jambo ambalo huwezi kulijua kwa kujenga kifaa bora kesho. Japani imebaki na vipokezi vyake vya dishi moja, ambavyo mfululizo wake ulianzia Toyokawa mwaka 1951, na nashukuru kwamba hivyo havikukatwa.

Katika pengo la alasiri, Afrika inaweza kuingia kwa haki yake ya kijiografia. Afrika Kusini ina MeerKAT, dishi 64 za mita 13.5 katika nusu-jangwa la Karoo, na watafiti wameshachora Jua kwa kuzielekeza pembeni kidogo ili mwanga wake usizilemee. SKA, darubini ya redio ya kimataifa itakayozimeza na kufikisha dishi 197, itapokea hadi gigahezi 15, na Kenya ni mmoja wa washirika wake wanane wa Kiafrika nje ya Afrika Kusini. Lakini darubini ya aina hiyo hugawiwa kwa maombi. Jua litapata saa chache kwa msimu, likishindana na galaksi na mapulsa, na mlipuko hauombi zamu. Ulinzi unataka kifaa chake chenyewe, kidogo na kisicho na kazi nyingine.

Kifaa hicho si ndoto ya mataifa tajiri tu. Antena za mita mbili, dazeni moja au mbili, zikiachana mita mia chache, zinatosha kusema mlipuko umetoka kwenye doa lipi na kupima msambao wake. Elektroniki za kuzidisha ishara, zilizokuwa zikijaza chumba, leo zinakaa kwenye kabati moja. Wingu halizuii mawimbi haya, na karibu na ikweta Jua hukaa juu karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, jambo ambalo Siberia hailipati Desemba. Kizuizi kikubwa kinazidi kuwa kelele zetu wenyewe. Masafa kati ya gigahezi 1 na 18 yamejaa simu, GPS, televisheni na sasa makundi ya setilaiti za intaneti zinazoshusha ishara kuanzia gigahezi 10.7. Bonde lenye milima pande zote husaidia dhidi ya minara, halisaidii dhidi ya kinachopita juu ya kichwa. Kwa hiyo eneo linapaswa kuchaguliwa na kulindwa kisheria mapema, kabla halijajaa, na mamlaka za mawasiliano za nchi zetu ndizo zenye kalamu hiyo. Baada ya hapo linabaki swali la mishahara ya watu wanne au watano watakaoiwasha safu kila asubuhi, wabadilishe kipokezi kilichoungua, waangalie kama picha ya leo inalingana na ya jana, na walipwe pia katika miaka ambayo Jua limetulia na hakuna anayewauliza chochote.